Kadi Namba Thelathini na Moja

Wanafunzi walimwita Rimoti, na jina likamkaa. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la sita na la saba, mrefu, mwepesi wa kucheka, na mfuko wa shati lake haukukosa rimoti ya projekta hata katika miezi ile ambayo projekta yenyewe ilikuwa imefungiwa kabatini kwa amri ya Mwalimu Mkuu.

Amri hiyo ilikuwa na sababu. Siku wakaguzi walipotembelea shule, Rimoti alitaka kuwaonyesha somo la kisasa. Akachomeka projekta, spika mbili na feni kwenye waya mmoja wa kuazima. Dakika ya tatu pakasikika mlio kama wa kofi, na upande mzima wa majengo ukakosa umeme. Kompyuta ya Mwalimu Mkuu ikazimika pamoja na taarifa aliyokuwa akimalizia kuiandika, taarifa ambayo wakaguzi walikuwa wameketi mbele yake wakiisubiri.

"Kuanzia leo," Mwalimu Mkuu alimwambia baada ya wageni kuondoka, kwa sauti ya chini ambayo walimu wote waliiogopa kuliko kelele zake, "kitu chochote chenye mkia wa kuchomeka ukutani, nisikione darasani kwako."

Mtu mwingine angepoa. Rimoti alinuna wiki mbili, kisha akaanza kutafuta teknolojia isiyo na mkia.

Aliipata. Ilikuwa programu ya simu inayokwenda na kadi za karatasi. Kila mwanafunzi anapewa kadi yenye namba yake, na juu yake pamechapwa mchoro wa miraba myeusi na myeupe usiofanana na wa mwenzake. Pembeni mwa mchoro, kila upande, pana herufi ndogo: A, B, C na D. Mwalimu anauliza swali lenye majibu manne. Mwanafunzi anageuza kadi ili herufi ya jibu lake ikae juu, kisha anainyanyua. Mwalimu anapitisha simu mbele ya darasa kama mtu anayepiga picha, na simu inasoma kadi zote kwa mpigo: nani kapata, nani kakosa. Kumwangalizia jirani hakusaidii kitu, maana mchoro wake haufanani na wako.

Alichapa kadi hamsini na mbili na kuzibandika kwenye vipande vya maboksi, juu ya meza ya chakula nyumbani kwake. Mke wake, aliyekuwa mpokea wagonjwa kwenye zahanati, alirudi kazini akakuta hakuna pa kuweka hata kikombe.

"Leo tunakula juu ya haya madude?"

"Dakika kumi tu, mama watoto."

"Dakika kumi zako nazijua. Tangu tuoane hazijawahi kufika mwisho."

Lakini alivuta kiti, akachukua gundi, akabandika zake ishirini, tena zilizonyooka kuliko za mumewe.

Mwalimu Mkuu aliletewa kadi moja ofisini. Akaigeuza mbele na nyuma, akaipitishia kidole pembeni kana kwamba anatafuta tundu.

"Haichomekwi popote?"

"Popote, Mwalimu Mkuu."

"Na hiyo simu?"

"Ina betri yake."

"Haya. Ikilipuka, ilipukie mfukoni mwako."

Somo la kwanza lilikuwa la saketi za umeme, na hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Kwa miaka mitatu alikuwa akilifundisha kwa katuni za chembe ndogo za buluu zinazokimbia ndani ya waya, na kila mwaka alimaliza kwa kuuliza, "Tumeelewana?" Darasa zima lilijibu, "Tumeelewanaaa!" hadi darasa la jirani likageuza shingo. Naye alitoka kifua mbele.

Safari hii, bila projekta, alichora ubaoni betri moja na balbu mbili zilizofuatana. Akaandika swali: balbu ipi inapitiwa na mkondo mkubwa zaidi? Herufi A ilikuwa ya balbu ya kwanza, B ya pili, C kwamba ni sawasawa. D ilikuwa ya wasioweza kuamua. Kadi zikapanda juu. Akapitisha simu.

Wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa wamechagua A.

Alidhani simu imekosea. Akazihesabu kadi kwa macho, safu kwa safu, na hesabu ikatoka ile ile. Akamwinua msichana wa mbele, kiranja, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kuitikia kwamba ameelewa.

"Kwa nini A?"

"Kwa sababu umeme unapita kwake kwanza, mwalimu. Anakula, halafu mwenzake anabakiziwa."

Darasa likatikisa kichwa kukubali. Maelezo yalikuwa mazuri, tatizo ni kwamba hayakuwa kweli. Rimoti alisimama na simu mkononi akiwafikiria wanafunzi wa miaka yote mitatu waliomwitikia kwa nguvu na kwenda zao na balbu inayobakiziwa umeme.

Baada ya vipindi alijitupa kwenye kiti cha chumba cha walimu. Pembeni yake Desimali alikuwa akisahihisha madaftari. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke aliyekaribia kustaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kumsamehe mtu hata nusu alama.

"Miaka mitatu," Rimoti alisema. "Miaka mitatu wananiambia wameelewa."

"Watoto wanaitikia," Desimali alijibu bila kuinua macho. "Wamefundishwa adabu. Wewe ulidhani wanakupa majibu."

Kesho yake alikuja na kamba ndefu iliyofungwa ikawa duara. Akawatoa wanafunzi nje, wakasimama wakizunguka, kila mmoja kaishika kamba kwa vidole viwili, kwa ulegevu. Yeye akawa betri: akavuta kamba upande mmoja na kuisukuma upande wa pili, na kamba nzima ikaanza kuzunguka mikononi mwao. Wawili akawaambia waibane kidogo. Hao walikuwa balbu.

"Mikono inaungua!" mmoja alipiga kelele.

"Safi, ndiyo mwanga huo. Sasa niambieni: kamba inapita kwa kasi zaidi kwa balbu ya kwanza au ya pili?"

Wakaitazama kamba. Wakabishana, wakasukumana, wakaitazama tena. Waliporudi darasani na kunyanyua kadi, thelathini na wanane walichagua C. Rimoti nusura acheze ngoma mbele ya ubao.

Tangu siku hiyo hakuna kipindi kilichopita bila maswali manne ya kadi, mwanzoni mawili na mwishoni mawili. Simu ilitunza kila jibu la kila kadi kwenye jedwali, kijani kwa aliyepata, nyekundu kwa aliyekosa. Rimoti alilipenda lile jedwali kupita kiasi. Alilitazama wakati wa chai, akalitazama kwenye foleni ya mashine ya kuchapa, mpaka mke wake akamuuliza kama kuna mtu anayemwandikia ujumbe.

Katika wiki ya tano ndipo alipoiona kadi namba thelathini na moja.

Kadi hiyo ilikuwa ya msichana mrefu wa safu ya nyuma ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa sababu wakati wa mapumziko alikuwa akiwashonea vifungo vilivyokatika kwenye mashati. Mpole, asiyenyoosha mkono, asiyesumbua mtu. Walimu walimhesabu miongoni mwa wale wazito. Lakini mstari wake kwenye jedwali ulikuwa wa ajabu: Jumatatu nyekundu tupu, Jumatano kijani tupu, Ijumaa nyekundu tena. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Ulikuwa kama taa za barabarani.

Mpenda vifaa huanza kushuku kifaa. Rimoti aliamua kwamba kadi ni mbovu, akachapa nyingine. Rangi hazikubadilika. Akambadilishia kabisa: Sindano akapewa kadi namba nane, na mwenye namba nane akapewa thelathini na moja. Wiki iliyofuata thelathini na moja ilitulia kama kadi nyingine zote, na nane ndiyo ikaanza kuwaka nyekundu na kijani kwa zamu. Kadi, basi, hazikuwa na kosa. Alilikubali hilo shingo upande.

Akampelekea Desimali simu.

"Huyu anabahatisha tu," alisema.

Desimali alivaa miwani yake ya kusomea, akavuta jedwali juu na chini kwa kidole kimoja.

"Anayebahatisha hakosi kwa ratiba. Jumatano mnafanya nini?"

"Kile kile."

"Haiwezekani. Fikiri."

Rimoti akafikiri. Jumatano kipindi chake kilifuata cha mwalimu wa historia, ambaye alikuwa na tabia ya kujaza ubao mzima na kuandika juu yake USIFUTE kwa herufi kubwa, kwa sababu alirudi tena alasiri. Rimoti hakupata pa kuandika hata neno. Kwa hiyo Jumatano maswali na majibu yake yote aliyasoma kwa sauti.

Alipomweleza hivyo, Desimali aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo ukisoma, anapata. Ukiandika, anakosa."

"Kumbe hajui kusoma?"

"Mtihani wa mwisho wa mwaka jana ulichapwa kwenye karatasi," Desimali alisema polepole. "Ule aliusoma. Unakumbuka, au nikukumbushe?"

Alikumbuka.

Katika shule ile majaribio ya kila mwezi yaliandikwa ubaoni, karatasi zikawekwa akiba kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Sindano, ambaye mwaka mzima alikuwa akipata tatu au nne katika ishirini, alipata kumi na sita kwenye mtihani ule. Rimoti mwenyewe ndiye aliyeichukua karatasi na kuipeleka kwa Mwalimu Mkuu. Msichana akaitwa ofisini, akasimamishwa mbele ya walimu watatu, akaulizwa amemwangalizia nani. Alijibu neno moja tu, "Sijaiba," akalirudia kila alipoulizwa. Alama zake zilifutwa, akavuka darasa la saba kwa masharti. Juu ya karatasi Rimoti aliandika kwa wino mwekundu: Si kazi yake. Na kwa kuwa madirisha ya ofisi ile hayakuwa yakifungika, darasa zima lilijua kabla ya kengele.

Si hilo tu. Na sasa, juma hilo hilo, walimu walikuwa wakiandaa orodha ya wanafunzi wa kurudishwa darasa la sita. Jina la kwanza kwenye orodha ya Rimoti lilikuwa la Sindano.

"Nitampima macho kesho," alisema.

"Hutampima peke yako," Desimali alimjibu. "Wewe umeshaamua jibu. Mtu aliyeshaamua jibu hapimi, anathibitisha. Nitakuwepo. Na usimwambie unapima nini."

Wakati wa mapumziko, darasa likiwa tupu, waliandika ubaoni mistari mitano, wa juu wenye herufi kubwa na wa chini wenye herufi ndogo. Sindano aliitwa akasimama kwenye nafasi yake ya kila siku, safu ya nyuma, alikopangiwa kwa sababu ya urefu. Aliwaona walimu wawili wanamsubiri na mikono yake ikashikana nyuma ya mgongo. Walimu zaidi ya mmoja, kwake, ilikuwa ni kesi.

"Hakuna kosa, mwanangu," Desimali alisema. "Tusomee tu."

"Nisome nini, mwalimu?"

"Alichoandika mwalimu wako."

Msichana alimtazama Rimoti, akautazama ubao, akamrudia Rimoti.

"Umeandika?"

Desimali ndiye aliyesema, "Sogea mbele. Ukianza kuona herufi, simama."

Sindano akatembea. Akapita safu ya tano, ya nne, ya tatu. Akapita dawati la kiranja. Alipobakiza hatua mbili kuufikia ubao akasema, "Hapa," na kutoka hapo akasoma mistari yote mitano mpaka nukta ya mwisho, bila kukwama, kwa sauti nzuri iliyonyooka ambayo Rimoti hakuwahi kuisikia.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza.

"Niseme nini, mwalimu?" Hakuwa akijitetea, aliuliza kweli. "Nilijua ubao ni wa waliokaa mbele. Sisi wa nyuma tunasikiliza. Kuna yule mwenzangu wa dawati alikuwa akininong'onezea, lakini alihama."

"Na majaribio?"

"Majaribio nilikuwa nabahatisha. Nilidhani wote tunabahatisha."

Jioni ile Rimoti alikwenda kwa shangazi yake Sindano, aliyekuwa akimlea. Shangazi alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye joto, nguo zimening'inia kuanzia ukutani hadi mlangoni, na yeye katikati akipiga pasi shati la mtu bila kulitazama.

"Mwalimu, karibu. Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, dada. Nimekuja kwa sababu ya macho yake. Haoni mbali."

Shangazi akacheka.

"Huyu? Huyu ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano mimi nikishindwa! Anaona doa mimi nisiloliona."

"Karibu anaona vizuri mno. Ni mbali ndiko kunakompotea. Akiwa kwenye dawati lake, ubao kwake ni ukuta mtupu."

Shangazi aliendelea kupiga pasi. Kisha mkono ukapunguza mwendo.

"Jirani alinilalamikia kwamba hasalimii watu," alisema. "Anapishana nao barabarani kimya, kama mti. Nikamgombeza. Nikamwambia anajivuna, na hana cha kujivunia." Akaisimamisha pasi. "Alikuwa hawaoni?"

"Nadhani alikuwa hawaoni."

Maji yalikuwa yakichemka ndani ya pasi.

"Na ule mtihani?"

Rimoti alijua swali lingefika, na njia nzima alikuwa akijiandaa.

"Aliufanya mwenyewe. Karatasi ilikuwa mbele yake, akaiona, akajibu. Nilimsingizia. Nimekuja kuomba radhi."

"Siku ile alirudi hakula," shangazi alisema. "Nikamuuliza, umeiba? Akasema sijaiba. Na mimi, shangazi yake, niliyemlea tangu hajaota meno, nikashindwa kumwamini, maana aliyesema ni mwalimu." Akachukua shati, akalikunja mara moja, mara mbili, likakaa kama limetoka dukani. "Usiniombe radhi mimi. Ulimtia aibu mbele ya watu. Kamtoe aibu hiyo mbele ya hao hao."

Asubuhi yake Rimoti aligonga mlango wa Mwalimu Mkuu. Alikuwa na jedwali, alikuwa na karatasi ya mtihani ya mwaka jana, na alikuwa na Desimali, aliyeingia bila kualikwa na kukaa. Mwalimu Mkuu aliyasikiliza yote. Kulitoa jina kwenye orodha hakukuwa na shida. Alama pia alikubali zirudishwe. Alipofika kwenye kuomba radhi darasani ndipo alipokunja uso.

"Mwalimu akiomba radhi mbele ya watoto, kesho watatupanda kichwani. Mwite hapa ofisini, mweleze, yaishe."

"Alipoitwa mwizi alikuwa hapa hapa ofisini," Rimoti alisema, "na wenzake walikuwa wamesimama pale dirishani."

Mwalimu Mkuu aligeuka akalitazama dirisha lisilofungika. Naye alikuwa mmoja wa wale watatu.

"Fanya," alisema. "Na uwaambie hata mimi nilikosea. Utamke hivyo hivyo, usipambe."

Rimoti hakupamba. Aliingia darasani, akaweka simu mezani, akasimama mikono mitupu.

"Mwaka jana nilisema kuna mtu humu aliiba mtihani," alianza. Shingo kadhaa zikageuka nyuma. "Nilikosea. Hakuiba. Alikuwa haoni ubao, kwa hiyo majaribio ya ubaoni alishindwa, na mtihani wa karatasi alifaulu. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Sikujiuliza, nikamshtaki. Mwalimu Mkuu amesema niwaambie kwamba na yeye alikosea. Sindano, naomba unisamehe."

Sindano alikuwa ameinamia dawati. Sikio lililoonekana lilikuwa limeiva kwa haya.

"Kwa hiyo zile kumi na sita ni zake?" sauti moja iliuliza kutoka katikati.

"Ni zake."

Mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Kumi na sita, jamani, na mimi nilipata tisa!" Kicheko kikapita darasani, si cha kumcheka. Sindano hakuinua kichwa wala hakusema kwamba amesamehe. Rimoti aliona si haki kumsubiri, akaanza somo.

Kengele ilipolia alibaki nyuma ya wenzake, kisha akaja mezani.

"Mwalimu, lile neno uliloliandika kwa wino mwekundu pale juu. Limefutwa?"

Rimoti akampa karatasi ya mtihani. Maneno Si kazi yake yalikuwa yamekatwa kwa mstari, na chini yake Rimoti alikuwa ameandika, Ni kazi yake, akaweka sahihi na tarehe. Sindano aliileta karatasi karibu na pua, akasoma taratibu, akairudisha.

"Sawa," alisema, akatoka.

Mke wa Rimoti ndiye aliyewatafutia nafasi kwa daktari wa macho aliyekuwa akija zahanati mara moja kwa mwezi. Shangazi alifunga duka siku nzima, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea, akampeleka. Wiki tatu baadaye Sindano aliingia darasani na kibweta cheusi mkononi. Alisubiri wote wakae, akavaa miwani, na kipindi chote hakusikiliza neno. Alikuwa akitazama. Alitazama misumari ya dari, saa ya ukutani, kisogo cha kila mtu. Mwisho akanyoosha mkono, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Mwalimu, kumbe una makovu ya chunusi?"

Darasa likavunjika mbavu. Rimoti akajipapasa mashavu, akakiri kwamba ujana ulimtesa.

Baadaye Sindano alimwambia Desimali kwamba yule dada wa duka la vitabu lililotazamana na lango la shule kumbe humpungia mkono kila asubuhi. Aligundua Alhamisi, akiwa na miwani. Alivuka barabara akaenda kumsalimia na kumwomba radhi kwa asubuhi zote zilizopita.

Miwani haikumaliza kila kitu. Alikuwa amekosa michoro ya miaka miwili, ramani za miaka miwili, na hesabu zote zilizofundishwa kwa chaki bila maneno. Sehemu na ulinganifu vilimtoa jasho. Desimali alimchukua alasiri tatu kila wiki, bila kumtangazia mtu, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kusifu, Sindano alipopata zoezi zima alimwambia tu, "Fungua ukurasa unaofuata." Kulikuwa na siku msichana alilia juu ya daftari. Desimali alimpa leso, akasubiri, kisha akamrudishia kalamu.

Mwalimu Mkuu aliagiza madarasa yote yapimwe. Rimoti na mke wake waliifanya kazi hiyo kwa Jumamosi mbili, yeye akionyesha herufi kwa fimbo, mkewe akiandika. Walipatikana watoto tisa wengine wasioona ubao. Wawili kati yao walikuwa wamekaa safu ya mbele kabisa, wametulia, wakiitikia pamoja na wenzao. Usiku wa Jumamosi ya pili Rimoti hakufungua jedwali lake hata mara moja. Alimwambia mkewe kwamba anawafikiria wa miaka ya nyuma, wale waliokwisha kuondoka.

Mwisho wa mwaka Sindano alipata alama za kati. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi, lakini alivuka, na jina lake halikuzungumzwa kwenye kikao chochote. Siku karatasi ziliporudishwa alimfuata Rimoti kwenye korido, miwani imeteremka hadi nusu ya pua, kidole kwenye swali la saba.

"Hapa umenikosesha, mwalimu."

"Umeandika maji yanachemka mapema mlimani. Nilitaka sababu."

"Sababu nimeiandika upande wa pili. Nafasi ilikwisha."

Akageuza karatasi. Sababu ilikuwapo, mistari miwili, imeandikwa vizuri, na mshale umechorwa kuielekea. Rimoti akaisoma, akatoa kalamu, akaongeza alama mbili na kujumlisha upya, huku msichana akimhesabia kwa sauti ili asikosee.